Mkono Uliochukua Kabla ya Amina

Kabla sijasimulia habari za meli, niseme kwanza habari ya kikombe, kwa sababu bila kikombe nisingepanda meli.

Kwa miaka mingi nilikuwa mzee wa kanisa letu hapa Ndithini, na siku ya Meza ya Bwana kazi yangu ilikuwa kupitisha sinia la vikombe vidogo kati ya mabenchi. Niliipenda kazi hiyo. Vikombe vile vikigusana hutoa mlio mwembamba, na mzee mwenye mkono mtulivu huzunguka kanisa zima bila mlio huo kusikika. Mimi nilikuwa na mkono wa namna hiyo. Kisha asubuhi moja, nikifunga lango la zizi la mbuzi, upande wangu wote wa kulia ukaniacha. Nilitoka hospitali nikiwa na maneno yangu yote na akili zangu zote, namshukuru Mungu, lakini mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani, vidole vimejikunja, kama kitu nilichopewa nimshikie mtu ambaye hakurudi kukichukua.

Siku ya kwanza ya Meza niliporudi kanisani, sinia lilinikuta kwenye kiti cha magurudumu. Nikanyosha mkono wa kushoto. Ukatetemeka, kikombe kikapinduka, na juisi ya zabibu ikamwagikia sare nyeupe ya mama aliyeketi kando yangu.

"Si kitu, mzee," akasema. "Hii itatoka na maji."

Alisema kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonimaliza. Kwetu mkono wa kushoto hausalimii mtu, haupokei zawadi, wala hauli mbele ya watu. Mimi mwenyewe nimehubiri juu ya kondoo wa upande wa kuume na mbuzi wa upande wa kushoto, na sikumbuki kama niliwahi kumwonea mbuzi huruma. Tangu siku hiyo nikawa ninaacha sinia lipite. Nyumbani nako nikawa ninakula peke yangu chumbani, mlango umefungwa.

Binti yangu wa kwanza ni muuguzi, anafanya kazi ng'ambo. Mimi humwita Mama, kwa kuwa amepewa jina la mama yangu, kama ilivyo desturi. Alipokuja likizo alinikuta nikila nimeupa mlango mgongo, kama mtu aliyeiba.  Siku ya tatu akaketi kitandani pangu.

"Baba, uko na shida na mkono ama na watu?"

"Na mkono."

"Basi twende mahali watu hawakujui, tuone."

Ndivyo nilivyojikuta Mombasa, nikisukumwa juu ya daraja la chuma kuingia ndani ya meli kubwa ya watalii, meli ya siku saba. Binti yangu alikuwa ameweka masharti. Siku sita ningekula chumbani, vile ninavyotaka, na yeye angekula huko ukumbini. Siku ya saba tungekula pamoja ukumbini mbele ya watu. Nikiweza hapo, ningeweza pia kanisani.

"Na nisipoweza, Mama?"

"Nisipoona umeweza, sitakusumbua tena. Utakula chumbani mpaka Mungu akuite."

Alisema akitabasamu, lakini nilimjua. Hakuwa anatania.

Chumba chenyewe kilikuwa vyumba viwili, na sebule ilikuwa pana kuliko nyumba niliyolelea watoto. Kila kitu kilikuwa kimepangwa kwa ajili ya mtu kama mimi. Milango haikuwa na kizingiti. Bafu halikuwa na ngazi. Meza ya kulia chakula ilikuwa imeinuliwa, magurudumu yangu yakaingia chini yake bila kugonga mahali. Nilishukuru kwa kila kimoja. Hata hivyo sitaficha kwamba mahali pale palinitisha tangu saa ya kwanza. Hapakuwa na vumbi. Zulia lilimeza kila sauti, hata ya magurudumu. Dirisha lilikuwa kubwa kama ukuta na halikufunguka, na nje yake maji yalisogea bila kuvuma. Mimi ni mtu wa nchi kavu. Kwetu maji ukiyaona mengi namna ile, unayasikia pia.

Na mkabala na meza, ukuta mzima ulikuwa kioo.

Adhuhuri ya kwanza, binti yangu alipokwisha kwenda ukumbini, mhudumu aliingia akisukuma kigari cha chakula. Alikuwa mtu wa pwani, wa makamo, ndevu zimeanza mvi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Alilowesha kitambaa, akakikamua, akakitandaza chini ya sahani ili isiteleze. Kisha akatoa mfukoni kipande cha sponji na kukizungusha kwenye mpini wa kijiko mpaka ukawa mnene, rahisi kushika.

"Umejifunzia wapi hayo?" nikamuuliza.

"Kwa mamangu. Kiharusi kilimshika upande kama wako. Miaka minane nilimlisha, na kila siku alinitukana kuwa nampa mchuzi wa baridi." Akacheka. "Haya, kula kwa raha zako. Mimi natoka. Najua hupendi macho."

Alipotoka nikabaki na yule mzee wa kwenye kioo. Naye alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, naye alikuwa na sahani mbele yake. Lakini mkono wake uliokufa ulikuwa wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mzima. Nilijua vizuri kwamba ni kioo tu. Hata hivyo nilimtazama kwa wivu, kwa maana alikuwa mimi, ila yeye hakunyang'anywa mkono ule nilionyang'anywa mimi.

Nikafumba macho nikaomba. Mimi si mtu wa kuomba haraka juu ya chakula. Nilimshukuru Mungu kwa meza, kwa mhudumu, kwa mama yake aliyemfundisha. Niliposema amina nikafumbua macho, kulikuwa na andazi moja kwenye sahani ndogo. Nilidhani yalikuwa mawili. Nikajiambia ni uzee, nikala, nikamwaga supu kama kawaida yangu.

Jioni binti yangu hunyosha vidole vya mkono wangu wa kulia, kimoja kimoja, ili visikauke. Siku hiyo alifuta kiganja kwa kitambaa cha moto na kuguna. "Mkono unanuka mafuta, Baba, na una makombo. Ukimaliza kula, futa na huu."

Nilisema sawa. Mkono ule haukuwa na habari na chakula, lakini nilisema sawa.

Siku ya pili nilitazama vizuri kabla ya kuomba. Viazi vya kukaanga, vipande vinene vitano. Nikaweka mkono wa kushoto juu ya goti langu, nikafumba macho. Katikati ya maombi nikasikia kitu, si sauti, bali kama pale mtu anapopita nyuma yako na hewa ikasogea. Sijawahi kukatiza maombi maishani mwangu. Siku hiyo nilifumbua macho.

Kwenye kioo, mkono wa kulia wa yule mzee ulikuwa unatoka kwenye sahani yake. Ulikuwa umebana kipande cha kiazi kwa vidole viwili. Ulikwenda taratibu, bila kutetemeka hata kidogo, ukashuka chini ya meza mapajani mwake, ukapotea. Uso wake ulikuwa unanitazama kwa hofu.

Sahani yangu ilikuwa na vipande vinne.

Sikula siku hiyo. Nilisukuma kiti nyuma mpaka ukutani nikakaa hapo nikiwa nimejawa na baridi, jua la saa saba limejaa chumbani, na midomo yangu ikitafuta zaburi moja ya kushika ikakosa. Nilichokiona, kwa jinsi nilivyokielewa wakati ule, ni mkono wangu uliokufa ukila mahali pengine.

Siku ya tatu nilimwambia mhudumu anisaidie kufunika kioo kwa blanketi. Alipanda juu ya kiti, akachomeka pembe za blanketi nyuma ya fremu, kisha akasimama mikono kiunoni.

"Mzee, niulize?"

"Uliza."

"Wewe ni Mkamba?"

"Ndiyo."

"Pwani nzima tunawaogopa Wakamba kwa uganga. Leo Mkamba aogopa kioo?"

"Mimi ni mzee wa kanisa, bwana. Sina uganga."

"Basi na kioo nacho kiokoke," akasema, na wote wawili tukacheka, mimi zaidi yake, kwa sababu nilikuwa sijacheka tangu jana yake. Kisha nikamwuliza, kwa hofu ya kweli, kama huwa anarudi kimya ninapoomba na kuondoa chakula. Akaacha kucheka.

"Mzee, mimi huomba kabla ya kula na huomba baada ya kula. Siwezi kumwibia mtu anayeomba. Ningeenda wapi na dhambi hiyo katikati ya bahari?"

Alipotoka nikahesabu sambusa. Tatu. Blanketi lilikuwa limening'inia mkabala nami kama mlango wa hema. Nikaweka mkono wa kushoto juu ya goti, nikausikia ukiwa hapo, joto lake juu ya suruali. Nikaomba. Nikasema amina.

Sambusa mbili. Na kitambaa cha meza kilikuwa safi, bila chembe.

Jioni ile binti yangu alipofungua vidole vya mkono wangu wa kulia, aliweka kitambaa chake kando. Kisha akaniletea kiganja changu mbele ya uso wangu ili nione. Ndani yake mlikuwa na sambusa, imebanwa mpaka imekuwa bapa, na vidole vilikuwa vimeifunga kama vidole vya mtoto aliyelala na pipi mkononi.

"Baba. Mbona unaficha chakula?"

Nikamweleza yote: andazi, kiazi, yule wa kwenye kioo. Nilitarajia aniambie ni ugonjwa, anitajie jina lake la kitabibu. Hakusema hivyo. Alisema, "Kesho sitaenda ukumbini. Nitakaa hapo kwenye kochi. Wewe omba vile unaomba."

Kwa hiyo siku ya nne niliomba nikitazamwa. Blanketi lilikuwa limeondolewa, yeye ndiye aliyetaka. Sikuomba vizuri, lakini baada ya muda nilisahau kuwa yupo. Niliposema amina, alikuwa amesimama karibu nami na mkono wake mdomoni.

"Ni wa kushoto," akasema. "Baba, ni huu wako mzima. Uliinuka polepole kutoka kwenye goti, ukaenda moja kwa moja kwenye mkate kama unaona. Ukachukua, ukaupeleka kwenye ule mwingine, ukaufungulia vidole, ukaweka ndani, ukavifunga. Halafu ukarudi kwa goti. Na haukutetemeka."

"Nilikuwa naushikilia hapa. Nausikia hapa."

"Haukuwa hapa."

Nikatazama kwenye kioo, nikaelewa kosa langu, kosa la mtoto mdogo: mkono wa kulia wa yule mzee ulikuwa wa kushoto wangu. Sikupata faraja. Ni afadhali mzimu wa kwenye kioo kuliko mkono wako mwenyewe unaotoka bila ruhusa wakati unazungumza na Mungu.

Hapo ndipo jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kwa miaka karibu sabini likaja na kuketi mezani.

Nilipokuwa mtoto, nilikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Nilizaliwa hivyo. Mama yangu alikuwa mwanamke wa maombi na pia mwanamke wa kusuka vyondo, na tulikuwa watoto saba kwenye sinia moja la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Tulifumba macho baba akiomba. Na wakati huo mkono wangu wa kushoto ulikuwa unaiba. Sikuwa nautuma. Nilikuwa nimefumba macho kama wengine, na nilipofumbua nilikuwa na tonge la wizi chini ya paja. Nilichapwa. Nikaapa si mimi. Nikachapwa tena kwa kuapa. Mwishowe mama akachukua kipande cha kamba ya mkonge aliyosukia vyondo, na kabla ya kila chakula akawa anaufunga mkono huo mgongoni mwangu. Alikuwa anafunga kwanza, ndipo baba anaomba, ndipo tunakula, mimi kwa mkono wa kulia nikimwaga kila kitu. Mkono uliofungwa ulikuwa unafumbata na kufumbua mgongoni, nikiusikia, kama mnyama anayepumua. Baada ya chakula mama alifungua kamba, akazungusha kidole gumba mara mbili mahali ilipokata ngozi, akapapuliza. Kisha akaniacha niende. Ilichukua misimu miwili ya mvua. Ukatulia. Nikawa mtu wa mkono wa kulia kama watu, nikajifunza kuandika, nikapewa sinia la vikombe.

Niliyakumbuka yote hayo kimya. Sikuyasema. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata marehemu mke wangu, kwa kuwa ni habari ya wizi na ya aibu.

Binti yangu alikuwa amepiga magoti kando ya kiti. Aliushika mkono wangu wa kushoto, akaupindua. Akazungusha kidole gumba kwenye kifundo, mara moja, mara mbili, mahali ambapo hakuna alama tena isipokuwa uzee. Kisha akainamisha kichwa akapapuliza.

"Mama, kwa nini umefanya hivyo?"

Akaniangalia kama aliyeamshwa. "Sijui. Niliona kama panauma."

Sikumwuliza tena. Kuna mambo ambayo nimeyaacha mbele za Mungu kama nilivyoyapokea.

Kilichofuata kilikuwa cha kawaida zaidi, na kilitoka kwake kama muuguzi. Alisema si udhaifu unaoutetemesha mkono ule. Unatetemeka ninapoutazama. "Basi usiutazame," akasema. "Kula ukiwa umefumba macho, kama unaomba."

Siku ya tano na ya sita nilikula gizani mwangu. Mhudumu alinipangia chakula kama uso wa saa, wali saa sita, samaki saa tatu, mboga saa tisa, na akanitajia. Nilifumba macho nikauacha mkono uende. Ulikwenda. Ulijua mahali pa kinywa changu vizuri kuliko nilivyopajua. Nikifumbua macho kidogo tu, kijiko kinaanza kugonga sahani kama meno ya mtu mwenye homa. Nikifumba, kimya.

"Mashallah," mhudumu akasema siku ya sita, akitazama kitambaa kisicho na doa. "Mamangu angekuonea wivu. Angekutukana."

Siku ya saba tulikwenda ukumbini. Watu walikuwa mamia, vyombo vikilia. Binti yangu aliomba kwa sauti ya chini, kisha mimi nikaendelea kufumba macho, nikala supu, nikala samaki, nikanywa maji kwenye glasi ndefu. Nilisikia mama mmoja wa meza ya jirani akinong'ona, na binti yangu akizuia kicheko.

"Anasema nini?"

"Anamwambia mume wake, tazama mzee yule jinsi anavyoomba. Ameomba chakula chote."

Nilicheka nikiwa nimefumba macho, na glasi haikumwagika.

Binti yangu alirudi kazini. Mimi nikarudi Ndithini, kwenye vumbi langu, na nikaingoja Jumapili ya Meza kwa wiki tano. Ilipofika, nilisukumwa mpaka kwenye nafasi ile ile, mwisho wa benchi. Mama wa sare nyeupe alikuwa pale pale. Alinisalimu vizuri, kisha nikamwona akivuta upindo wa gauni lake upande wa pili, polepole, nisione. Simlaumu.

Mchungaji aliomba juu ya mkate, kisha juu ya kikombe. Nilifumba macho tangu mwanzo wa ombi la kwanza. Mkate ulipopita nilinyosha mkono, nikauweka kinywani, nikatafuna. Nikasikia sinia likija, mlio ule mwembamba wa vikombe, benchi kwa benchi. Lilisimama kwangu. Sikusikia mkono ukiondoka kwenye goti. Nilisikia tu ukingo wa kikombe mdomoni, utamu, kisha kikombe kikirudi mahali pake kwenye sinia bila kugusa kingine. Mzee aliyekuwa akipitisha akavuta pumzi. Mama wa kando yangu akasema polepole, "Asante Yesu," akaachia gauni lake.

Baada ya wimbo wa mwisho watu walitoka. Nilibaki nikingoja kusukumwa, na kwa kuwa binti yangu alikuwa ng'ambo, nikaanza kunyosha mwenyewe vidole vya mkono wa kulia kwa ule wa kushoto. Nikafungua cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ndani ya kiganja mlikuwa na kipande cha mkate wa Meza, kile cha mraba, kidogo kama ukucha.

Nilikuwa nimekula wangu. Nakumbuka nilivyoutafuna. Huu ulichukuliwa lini, sijui. Mzee wa mkate hakuona, na mimi nilikuwa ninaomba.

Nilikaa nao kiganjani, kanisa likiwa tupu, madirisha wazi, kuku wa mchungaji wakipekua nje. Niliogopa, sitasema sikuogopa. Nilimwomba Mungu msamaha kwa niaba ya mkono wangu, na nikamshukuru kwamba ule mwingine, uliokufa, haukusahauliwa. Kisha nikauchukua mkate ule kwa mkono wa kushoto nikaupeleka kinywani, macho yangu yakiutazama njia nzima.

Haukutetemeka.